Mrithi wa Kwenye Karatasi

Nakumbuka asubuhi niliyotia sahihi kwamba siijui kazi ambayo niliijua kuliko mtu yeyote Nduruma. Bado inaniuma, mwanangu, na wiki hii imeuma upya, maana binti wa jirani yangu wa Akheri amekuja karakanani kwangu hapa Lemara, uso umejaa furaha, kunionyesha fomu ya aina ileile. Kesho anatakiwa kuirudisha. Basi na wewe kaa usikilize.

Kwanza ujue anayekusemesha ni nani. Stashahada yangu ya ufundi wa majokofu niliipata ng'ambo, mchana darasani, jioni nikiosha sakafu za kiwanda cha samaki. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Kule mgeni nilikuwa mimi. Kibali cha kazi nilipewa kwa masharti: mwajiri aonyeshe kwamba mwenyeji mwenye ujuzi ule hakupatikana, nami nimfundishe kijana wa pale. Nilimfundisha mpaka akafungua kompresa, moyo wa jokofu, bila kuniita. Muda wangu ulipokwisha nikarudi Meru, kichwa juu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, mimi niliwaponya.

Shamba moja la maua la Nduruma likaniajiri kuwa fundi wa vyumba vya baridi. Juu yangu alikuwepo meneja mgeni, mtu mpole, simsemi vibaya, ila mtambo ukikohoa alinitafuta mimi. Siku moja ofisi ikaniita na kuniambia nimeteuliwa kuwa mrithi wake, nikapewa na pikipiki. Kumbe kibali chake kilihitaji jina la Mtanzania anayefundishwa kuishika nafasi ile. Mimi niliona cheo tu. Msomi mzima, nilisoma mstari wenye jina langu, nikatia sahihi.

Wanawake waliokuwa wakifunga waridi hawakuchelewa kunibatiza. Kila nikipita walinisalimu, "Mrithi, vipi, baba hajafa bado?" Nilicheka nao. Miaka miwili ikapita, fomu nyingine ikaletwa, nikatia sahihi tena bila kuisoma.

Mzee Anaeli, karani wa masijala ya shamba, aliyeishia darasa la saba, akaniita ndani na kufunga mlango. Nikamwamkia. Akaitikia, akanisogezea karatasi.

"Hebu nisomee hapa, wewe uliyesoma Ulaya."

Nikasoma: mwenyeji amefundishwa miaka miwili, bado hajaimudu kazi, hivyo mgeni aongezewe muda. Chini yake sahihi yangu, na ule mkia wake mrefu wa majivuno.

"Amekufundisha nini?"

"Hakuna, mzee."

"Basi usiseme umedharauliwa, baba. Umejidharau mwenyewe, tena kwa kalamu. Na watoto wetu wanaotoka vyuoni watafungiwa mlango kwa mkono wako. Afisa kazi anakuja Alhamisi."

Siku mbili nilibishana na nafsi yangu, na nakiri, pikipiki ile ilikuwa na maneno mengi. Alhamisi afisa akaniuliza mbele ya mwajiri kama sahihi ni yangu. Nikamjibu, "Sahihi ni yangu. Mafunzo hayakuwepo. Kazi hii naijua tangu siku niliyofika."

Kibali hakikuongezwa. Cheo sikupewa, mwezi uleule nilinyang'anywa pikipiki, na kazi pia. Nilitoka kwa miguu, na mmoja wa wanawake wa waridi akasema, "Nenda salama, fundi."

Jina hilo ndilo nililoandika juu ya mlango wa karakana hii, na leo shamba lilelile mitambo ikilala hunipigia simu mimi.

Mwanangu, sina ugomvi na mgeni, nimekula ugeni. Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hasira yangu ni kwa mwajiri anayelificha jembe la mwenyeji, na kwa mwenyeji anayemsaidia kulificha ili aitwe bosi. Soma kila mstari. Hufundishwi, andika hufundishwi. Ukienda ng'ambo, uliza kwanza unastahili kibali gani, na ukikipata, mfundishe mwenyeji kwa kweli.

Binti naye nimemsimulia haya, kalamu nimemwachia mwenyewe. Yeye, nawe unayenisikiliza, Mungu awape macho ya kusoma hadi chini ya karatasi, na mkono usiotetemeka kuandika kweli. Mbarikiwe, na kazi ya mikono yenu iwajue.