Sauti ya Pili ya Bibi

Juzi, ndugu yangu, nilikuwa jikoni kwangu hapa Tunduma nachagua mchele wa Kamsamba, huku naimba taratibu. Mjukuu wangu akasimama mlangoni, akasikiliza, kisha akaniuliza kwa heshima kabisa kama ninaumwa. Nikamwambia naimba. Akauliza, "Bibi, huo wimbo gani?" Nikacheka mpaka mchele ukamwagika, maana swali hilohilo niliwahi kumwuliza bibi yangu kule Isansa, tena katikati ya ibada.

Wakati huo Mwingereza ndiye aliyekuwa anatawala, na mimi nilikuwa mtoto wa kuchota maji na kufukuza ndege kwenye ulezi. Kanisa letu lilikuwa la udongo na nyasi, halina kinanda. Mwalimu wa kanisa aliwagawa waimbaji sauti nne kwa do-re-mi, na kila mtu akabaki na yake kama alivyobaki na jembe lake. Mama jirani, ambaye kati ya kwake na kwetu palikuwa na uzio wa matete tu, alikuwa sauti ya kwanza. Bibi alikuwa sauti ya pili. Walikaa benchi moja, wakashika pamoja kitabu cha nyimbo ambacho hakuna hata mmoja kati yao aliyejua kukisoma. Walikishika kwa heshima tu.

Walikosana kwa ajili ya togwa. Kila mwaka kabla ya Pasaka wanawake walikandika upya kuta za kanisa, na Bibi ndiye aliyeleta togwa ya ulezi ya kuwaburudisha. Mwaka huo jua lilikuwa kali na chungu kikakaa sana. Togwa ikikaa inageuka pombe, na pombe kwetu ilimtoa mtu kwenye Meza ya Bwana. Mama jirani akaonja, akalamba midomo, akasema mbele ya wote, "Dada, hii tumpelekee chifu, sisi ni watu wa kanisa." Wanawake wakacheka mpaka matope yakawadondoka mikononi. Bibi hakucheka. Alifunika chungu chake, akajitwika, akaenda zake.

Mwalimu akaja kusuluhisha. Sheria yake ilijulikana: walionuniana hawaigusi Meza ya Bwana mpaka wapatane. Na Meza ya Pasaka ndiyo Bibi aliyoingoja mwaka mzima. Alikuwa na nguo nyeupe aliyoitunza kwa siku hiyo peke yake.

"Mama, patana naye," Mwalimu akasihi.

"Aje anywe togwa yangu aseme ni togwa," Bibi akajibu. "Mpaka hapo nitasali hapahapa kwangu. Kwani Mungu hapajui?"

Basi Jumapili ya Matawi tukasali uani. Waumini walikuwa mimi, mbuzi mmoja, na kuku waliopita njia. Bibi aligonga jembe bovu badala ya kengele, akahubiri, akatangaza matangazo. Alikemea wanaochelewa ibadani, akinitazama mimi niliyeamka naye kitanda kimoja. Akasema kama kuna wageni wasimame watusalimu. Mbuzi, aliyekuwa amelala, akasimama.

Shida ikaja kwenye kuimba. Sauti ya pili ikiwa peke yake haina kichwa wala miguu. Inakaa palepale, inashuka kidogo, inamsubiri mtu ambaye hayupo.

"Bibi, huo wimbo gani?"

"Ule wa kufufuka kwa Bwana."

"Siyo wenyewe, Bibi."

Akaanza upya kwa hasira, ukatoka vilevile. Akajaribu sauti ya kwanza, ikamtoroka. Miaka yote ile aliimba bila kujua kwamba ana nusu tu. Akakaa juu ya kinu, akafuta macho kwa ncha ya nguo. "Nilidhani naujua," akasema. Roho iliniuma, nikamshika goti.

Ndipo nyuma ya matete sauti ya kwanza ikaingia, nyembamba, mahali pake kabisa. Bibi hakugeuka. Alipenga kamasi, akaishika ya pili, na wimbo ukawa wimbo. Waliimba beti zote.

Mama jirani akaingia bila kupiga hodi. "Nimetoka kanisani kabla ya mahubiri," akasema. "Bila wewe dada ninapanda tu, hakuna wa kunishika. Leo nimepanda mpaka Mwalimu akakohoa. Hebu leta hiyo togwa."

Chungu kilikuwa palepale kwenye kona. Bibi alikuwa amekataa kumwaga ushahidi wake. Kilikuwa sasa kinatoa povu. Mama jirani akanywa kikombe kizima, machozi yakamtoka, akasema, "Ni togwa."

Bibi akaonja naye. "Hapana, imeshapita, hii ni pombe."

"Haijapita."

"Nimekwambia imepita, dada, usinibishie kwangu."

Wakabishana hivyo, kila mmoja akimtetea mwenzake, na kila mmoja akaonja tena ili kuhakikisha. Kisha wakaenda wameshikana mikono kumwambia Mwalimu kwamba wamepatana, na mimi nikiwafuata. Mwalimu akawasalimia, akanusa, akautazama ule ukuta mpya wa kanisa kwa muda mrefu. "Pasaka mje mapema," akasema. Walienda mapema, na Bibi akavaa nguo yake nyeupe.

Wote wawili wamelala Isansa sasa, karibu karibu. Kanisa lile la udongo halipo tena. Ninaposali sasa kuna vipaza sauti vikubwa, na ukinyamaza katikati ya wimbo hakuna anayejua umenyamaza. Benchi lile nalikumbuka mno. Mimi nilirithi sauti ya pili, maana ndiyo niliyolala nayo na kuamka nayo.

Mjukuu wangu alikuwa bado mlangoni akingoja jibu. Nikamwambia ni ule wa Pasaka. Akasema siyo wenyewe. Nikautazama ukuta wa matofali ulio kati yangu na jirani yangu, mrefu, una vipande vya chupa juu yake, nikaimba tena, safari hii kwa nguvu kidogo.