Siku Nyanya Chungu Zilipozaa Nyanya

Sikuwa na mpango wa kulisimulia hili, lakini kwa kuwa mtaa wetu wa Cheyo, hapa Tabora, wote wanalijua na kila mmoja analiongezea chumvi yake (juzi kinyozi alinisimulia mimi mwenyewe, bila kujua kwamba mhusika ndiye huyo anayemnyoa), nimeona bora mlisikie kwangu niliyeaibika.

Nilipostaafu ukarani nilianza kulima mboga nyuma ya nyumba, matuta manne tu, chainizi, mchicha, nyanya na nyanya chungu, bila dawa ya dukani wala mbolea ya chumvichumvi. Na zilikuwa zinakubali, sitawadanganya. Tatizo langu halikuwa bustani, lilikuwa mdomo. Siku moja tulikuwa msibani kijiji cha Kwihara, watu wametulia kwenye mikeka wanasubiri chakula, mimi nikaanza kueleza habari ya kilimo kisicho na kemikali, nikaeleza majivu, nikaeleza mwarobaini, nikaeleza pilipili ya kutwanga, chakula kikaja kikaliwa mimi bado naeleza. Akasimama mama mmoja, Mama Edina, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wakulima wa palepale, akasema, "Baba, tutakuja kujifunza kwako. Tupe wiki mbili."

"Karibuni sana," nikasema, kifua mbele.

Sasa hapo ndipo nilipofanya uamuzi mmoja mdogo tu. Nilitaka wageni wakute majani mapana kama masikio ya tembo, kwa hiyo nikaenda kwenye banda la kuku la jirani nikazoa mbolea mbichi kabisa, ya asubuhi ileile, nikaimwaga kwenye matuta yote bila kuiozesha. (Mnaojua kilimo najua mmeshaanza kucheka.) Siku ya tatu majani yakageuka njano, siku ya sita yakaungua pembeni kama yamepigwa pasi, na ilipobaki siku moja wageni waje bustani yangu ilikuwa vijiti vyenye jani moja moja la kuombea maji.

Mke wangu, Mama Kulwa, ambaye ni fundi cherehani na hana maneno mengi, alisimama mlangoni akaangalia, akasema, "Waambie ukweli tu. Ni wakulima wale, wanajua mboga hufa."

"Mama Kulwa, wanakuja watu kumi na wawili kutoka Kwihara kumwona mtaalamu, halafu niwaonyeshe vijiti?"

"Basi shauri lako," akarudi kwenye cherehani.

Kesho yake alfajiri nikawahi sokoni kabla akina mama hawajamaliza kupanga mafungu. Nikamkuta mama mmoja ana chainizi nzuri, ndefu, zimeng'olewa na mizizi yake, pamoja na mchicha na nyanya zilizoiva. Nikamwambia nazichukua zote. Akashangaa, "Zote, baba? Una shughuli nyumbani?"

"Nina ugeni," nikamjibu.

"Umenisaidia, maana na mimi leo nataka kufunga mapema, nina safari hapa hapa mjini." Mimi wala sikuuliza safari ya wapi.

Nikafika nyumbani nikang'oa vijiti vyote kwenye tuta la chainizi na la mchicha, nikachomeka mboga za sokoni moja moja, nikamwagilia, nikarudi nyuma kuangalia, nikajipigia makofi. Zikabaki nyanya. Nyanya huwezi kuchomeka, kwa hiyo nikaingia ndani nikachukua uzi wa Mama Kulwa, uzi wenyewe wa njano aliokuwa anashonea sare za kwaya, nikaanza kuzifunga nyanya kwenye miche kwa vikonyo vyake, na kwa haraka niliyokuwa nayo, na jinsi miche yote ilivyokuwa imebaki vijiti, sikuangalia lipi ni tuta la nyanya na lipi ni la nyanya chungu.

Saa nne kamili wakafika, wamevaa kanga za sare, na madaftari mikononi.

"Shikamoo baba!"

"Marahaba, marahaba wanangu, karibuni!" Nikawa nawapa mkono mmoja mmoja mpaka wa mwisho, nikainua macho, nikamwona mama wa sokoni.

Akaniangalia. Akaangalia nyumba. Akasema taratibu, "Za tangu alfajiri, baba?"

Mama Edina akageuka, "Kumbe Bi Zuhura mnajuana na baba?"

"Hapana," nikasema mimi.

"Ndiyo," akasema yeye, kwa pamoja.

Nikacheka kicheko ambacho hata mimi sikukitambua, nikawapeleka bustanini haraka haraka. Bi Zuhura alipoziona chainizi alijiziba mdomo kwa kanga, mabega yakaanza kumtikisika, ila hakusema neno, na hilo namshukuru mpaka leo. Mama Edina akasema tuanze kwa sala. Jamani, ile sala! Akawaombea wagonjwa, akaomba mvua, akaniombea mimi na mikono yangu, na jua la Tabora mnalijua, kadiri sala ilivyorefuka ndivyo chainizi zilivyozidi kuinamisha vichwa, utadhani nazo zinasali. Aliposema amina, tuta zima lilikuwa limelala chini.

"Zimechoka na joto," nikasema, "twende kwenye nyanya."

Tukafika. Mama mmoja akachuchumaa, akashika jani, akaligeuza, akasema, "Baba, huu si mche wa nyanya chungu?"

"Ndiyo... ni mbegu mpya."

"Nyanya chungu zinazozaa nyanya?"

Mama Edina akanyoosha mkono achume moja aone. Nyanya ikaja, uzi wa njano ukaja, mche mzima ukang'oka ukaja, akabaki anauning'iniza mbele ya uso wake. Kutoka mlangoni nikasikia sauti ya Mama Kulwa, "Kumbe uzi wangu uko huko!"

Walicheka jamani. Walicheka mpaka majirani wakapanda juu ya matofali kuchungulia uani, mgeni mmoja akaketi kabisa kwenye udongo akashika mbavu. Mimi nilisimama kama mtoto aliyevunja chungu, nikawaeleza yote, mbolea mbichi, soko, uzi, mpaka mwisho.

Mama Edina alikuwa wa kwanza kuacha kucheka, na alichosema kiliniuma kuliko kicheko. "Baba, sisi tangu ulipozungumza pale msibani hatujanyunyiza dawa ya dukani hata siku moja. Tulikuamini."

Nikakosa pa kuweka uso. Bi Zuhura akafuta machozi ya kucheka akasema, "Na ulichosema ni kweli, baba. Nina bustani ya mboga za majani nyumbani, na ingawa msibani sikuwepo, nikatumia majivu na pilipili kama wenzangu walivyonieleza umefundisha. Hizo chainizi ulizochomeka hapo ndizo zenyewe. Umetoka alfajiri kwenda kununua maneno yako mwenyewe."

Basi tukabadilishana nafasi. Wao wakawa walimu, mimi nikaomba daftari. Wakanichimbia shimo kwenye kona, wakanionyesha namna ya kupanga mbolea ya kuku na majani makavu, nikaambiwa niiache wiki kadhaa iive na nisiiguse hata nikipata mgeni gani. Zile chainizi Mama Kulwa alizikusanya, akazipika, tukazila wote na ugali, tamu ajabu.

Siku hizi mtu akitaka kuja kuniona bustanini namwambia aje sasa hivi, leo hii, akute kitakachokutwa. Kama ni vijiti, tutaangalia vijiti. Na msibani, jamani, naketi mwisho wa mkeka, nakula, nanyamaza.