Ng'ombe wa Kupikiwa

Walimwita Tone, kwa sababu hakuna tone la mafuta lililowahi kumponyoka likaanguka bure. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa akikamua mafuta katika kibanda cha mabati, kwa mashine moja ya skrubu na injini inayokohoa kuliko yeye mwenyewe. Ungemfunga macho ukampaka mafuta kidoleni, angekutajia mbegu yake. Ya nazi, alisema, yanaogopa baridi: kukipoa kidogo tu yameganda meupe chupani, jua likipanda yanajifanya maji tena. Ya ufuta ni mavumilivu, miezi inapita hayajaharibika harufu. Ya mbarika ni mazito, yanajivuta kama asali, na hayo hayaingii jikoni. Yanakwenda kwa mafundi viatu kulainishia ngozi, na kwa wasusi wa nywele.

Lakini mbarika ina lake jambo. Ndani ya mbegu yake mna sumu kali, na sumu hiyo haiyeyuki katika mafuta. Ukikamua, mafuta yanatoka salama, sumu inabaki kwenye mashudu, yale makapi makavu yanayosukumwa nje na skrubu. Mashudu ya karanga ni chakula kizuri cha ng'ombe. Ya mbarika ni mbolea tu, tena ikae mbali na mdomo wa mnyama. Yakishaingia guniani, yote yanaonekana makapi yale yale. Ndiyo maana kila gunia la mbarika Tone alilifunga kitambaa chekundu shingoni.

Jumatano asubuhi aliinama kutazama bomba la dizeli lililokuwa likivuja, akaona kilichozungushiwa hapo. Kitambaa chekundu.

Akakumbuka Jumatatu: bomba linamwaga, yeye ana haraka, kitambaa kiko karibu, akakifungua kutoka kwenye gunia akazibia bomba. Kisha akaja dada yake kuchukua mashudu ya karanga kama kila wiki, na yeye, bila kuinua kichwa, akaonyesha kwa kidevu: "Lile pale mlangoni." Mlangoni yalikuwa mawili. Sasa lilibaki moja. Akatia mkono ndani, akanusa. Karanga.

Alipiga simu kwa dada yake, ikaita mpaka ikakatika. Akampigia daktari wa mifugo, akarukia baiskeli.

Dada yake alikuwa mjane, na ng'ombe wake mmoja, Malkia, ndiye aliyekuwa shamba lake, duka lake na pensheni yake. Tone alimkuta anafua uani.

"Malkia yuko wapi?"

"Hata hodi hupigi? Yuko bandani. Mbona unahema kama umefukuzwa na nyuki?"

"Lile gunia la juzi. Umempa?"

"Tangu jana asubuhi. Sasa nililichukua la kutazamana nalo?"

Tone akajikalisha juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Nimekuulia ng'ombe, dada. Yale ni ya mbarika."

Nguo ikamponyoka dada mkononi. "Wewe si ndiye uliyenionyesha?"

"Ni mimi."

Hakumtukana, na hilo lilimuuma Tone kuliko tusi. Walikwenda bandani pamoja. Malkia alikuwa amesimama, anacheua taratibu, akawatazama kama wageni waliokuja bila taarifa.

Daktari, binti mmoja mwenye buti zilizojaa matope, alifika kwa pikipiki. Akapima joto, akasikiliza tumbo, akachungulia macho, akakagua hata kinyesi. Akakunja uso.

"Kwa mashudu mabichi ya tangu jana, huyu angekuwa ameshaanza kuharisha na kukataa kula. Ulimpaje, mama?"

Dada akatazama chini. "Kaka anajua. Mtaa mzima unanicheka."

"Anampikia," Tone akasema. "Tangu akiwa ndama mwenye tumbo bovu. Kila kitu chake kinapita sufuriani." Hakuongeza kwamba kiongozi wa wachekaji alikuwa yeye mwenyewe, aliyepita kila jioni kuuliza kama Malkia ameonja chumvi.

"Unachemsha muda gani?"

"Naanza alfajiri. Mpaka saa nne yanakuwa uji."

Daktari akapumua, akacheka kwa mara ya kwanza. "Sumu ya mbarika ni protini, kama ute wa yai. Ute ukishapikwa ukaganda, unaweza kuurudisha ubichi? Na hii hivyo hivyo. Moto mwingi pamoja na maji umeivuruga umbo, na bila umbo lake haina kazi. Ila msijaribu tena. Hii ni bahati, na mimi siandiki bahati kwenye cheti. Gunia lifukieni, maziwa yamwageni mpaka nirudi Jumamosi."

Tone hakuwasha mashine siku tatu. Alikuja asubuhi na jioni kuhesabu kila tonge Malkia alilocheua. Jumamosi, kabla daktari hajafungua mkoba, Malkia alipiga teke ndoo ikaviringika hadi mlangoni, na Tone akacheka mpaka machozi yakamtoka, akayaacha yatoke.

Kuna wasomi wanaodhani elimu ya namna hii ni ya maabara. Si kweli. Kila mkono unaogusa mbegu ile una haki ya kujua kilichomo, na kitambaa kinachofunguka hakitoshi. Siku hiyo hiyo Tone alinunua rangi, akaandika SUMU kwa herufi kubwa kwenye kila gunia la mbarika, pande zote mbili, na kwa mara ya kwanza maishani akamwaga matone ya rangi ya kutosha sakafuni bila kujali.

Jioni akafika kwa dada yake na mzigo mzima wa kuni begani.

"Za nini hizo?" dada akauliza.

"Za jikoni kwa Malkia."

Dada akazipokea, akampima kwa jicho. "Na chumvi je, huniulizi leo?"

"Chumvi nimekuja nayo," akasema Tone, akatoa pakiti mfukoni.