Maiti Hainyooshi Mkono

Nyumba ya Mugeta pale Nyakato imeegemea jiwe. Mawe ya Musoma hayana adabu, yanakaa popote, hata pale mtu alipokwisha kupangia kitanda. Waliojenga walilichomea moto, wakalimwagia maji, wakaligonga nyundo mpaka mikono ikafa ganzi. Jiwe likabaki vilevile. Mwisho wakapandisha ukuta juu yake, na tumbo lake likabaki ndani ya chumba cha nyuma, kubwa kama ng'ombe aliyelala. Chumba hicho ndicho alichopewa Matrida, mama yake Mugeta, alipoletwa kutoka Butiama akiwa ameteguka nyonga.

Aliteguka kwa ajili ya sanduku. Lilikuwa juu ya magunia, akapanda kigoda alishushe, kigoda kikamsaliti. Ni sanduku la bati la bluu, lina kufuli. Alikuja nalo Nyakato, na tangu aje, nguo yake haijalala nje ya sanduku. Asubuhi anatoa gauni. Jioni anafua, anakunja, anarudisha, anafunga. Ufunguo unakaa shingoni pamoja na rozari.

"Mama, si upange nguo zako kama watu," Mugeta alimwambia siku moja.

"Mimi mgeni. Mgeni hapangi, mgeni anaaga."

Hakuzaliwa na maneno hayo. Aliolewa upande wa Kibara, akalima pamba mpaka vidole vikapasuka, na mume alipokufa, shemeji zake wakamtolea vitu nje kabla matanga hayajaanuliwa. Nguo zake nyingine alizikuta kwenye matope, nyingine alizikuta zimevaliwa na watu anaowasalimia. Akarudi kwao Butiama na kanga ya mwilini. Kitu cha kwanza alichonunua kilikuwa sanduku lile. Tangu hapo aliamini kwamba mahali pazuri ni pale unapoweza kuondoka bila kumwomba mtu ruhusa.

Sasa nyonga ilikuwa imepona. Alitembea bila fimbo. Mugeta na mkewe Dorah walijua kwamba siku yoyote wangeamka wakute kitanda kimetandikwa na sanduku halipo, na kule Butiama hakuna wa kumwinua akianguka tena.

Dorah hakubishana naye. Dorah ni fundi cherehani, maneno yake mengi yako mikononi. Alichukua chaki ya kukatia vitambaa, akaingia chumba cha nyuma Matrida akiwa kanisani, akachora ukutani kabati: hapa bomba la kutundikia, hapa rafu, hapa droo. Akafuta, akachora tena. Lakini mshonaji hakati kabla hajapima mwili. Ndiyo maana akamwita Prosper, fundi seremala, aje apime.

Matrida alimfahamu Prosper. Mtaa mzima unamfahamu. Anatengeneza vitanda, anatengeneza milango, na ukifiwa, unakwenda kwake pia.

"Bibi, simama kidogo," Prosper alisema. "Nyoosha mkono juu. Usijilazimishe, ishia pale unapofika bila kuumia."

Futi ya kupimia ikakimbia kutoka kisigino mpaka ncha ya kidole. Kisha kwenye goti. Kisha akamwambia akae kitandani, akapima tena.

Matrida akamgeukia mkamwana wake. "Mama Yunis, kama mmechoka kunilisha mngesema. Huyu si ndiye alimpimaga yule jirani aliyeletwa na mtumbwi kutoka kisiwani Rukuba?"

Dorah akaziba mdomo kwa kanga.

"Ndiye mimi, bibi," Prosper akajibu. "Lakini yule sikumwambia anyooshe mkono. Maiti hainyooshi mkono."

"Utajuaje? Labda hukumwomba vizuri."

Prosper alicheka mpaka penseli ikamdondoka sikioni. Dorah akaeleza kwamba ni kabati, kabati tu, mama. Matrida hakucheka. Jioni ile alikagua kufuli, akamwambia mwanawe: "Jumamosi naenda kwangu. Mwambie mwenye gari anipitie."

Ijumaa mbao zikaja. Matrida alikaa kitandani na rozari yake akiwa ameapa moyoni kwamba hataangalia. Kabati la dukani lilikwisha kujaribiwa pale zamani; lilisimama mbali na jiwe kama watu waliogombana, mijusi ikahamia katikati. Sasa huyu naye atafanyaje? Ubao umenyooka, jiwe lina tumbo.

Prosper alisimamisha ubao karibu na jiwe, akauweka sawa kwa pima maji. Akachukua kipande kidogo cha mti, akalaza penseli juu yake, akaanza kukiteremsha taratibu kikigusa jiwe. Jiwe lilipovimba, penseli ikavimba nalo. Jiwe lilipobonyea, penseli ikabonyea. Alipomaliza, jiwe lote lilikuwa limejichora kwenye ubao. Akakata kwa kufuata mstari, akapiga msasa, akapuliza vumbi, akarudisha.

Ubao ukaingia. Ukagusa juu, ukagusa katikati, ukagusa chini.

Matrida aliinuka bila kuitwa. Akajaribu kupitisha ukucha kati ya ubao na jiwe. Ukucha ukakosa pa kuingilia.

"Ee Mungu wangu," akanong'ona. "Jiwe limekubali."

"Jiwe halikubaligi, bibi. Ubao ndio umekubali."

Hakurudi kukaa tena. Aliangalia rafu zikipanda, bomba likifungwa, reli za droo zikikazwa. Fundi alipomruhusu, aliivuta droo, kisha akaisukuma kwa nguvu kama anavyosukuma mlango wa zizi. Droo ikakimbia, halafu karibu na mwisho ikapunguza mwendo yenyewe, ikajifunga polepole bila kelele. Matrida akaruka nyuma.

"Nani yuko humo ndani?"

"Hakuna mtu, mama," Dorah alisema huku akicheka.

Akaifungua tena. Akaisukuma, akainama kuisikiliza. Akarudia. Macho yalikuwa yamemtoka kama mtoto anayeona ziwa mara ya kwanza. Ndipo akaona chini, kando ya jiwe, nafasi wazi isiyo na rafu wala mlango.

"Hapa mmesahau."

"Hatukusahau," Dorah akasema. "Hapo ni pa sanduku lako, na kufuli lake. Siku ukitaka kuondoka hupandi kigoda, hupangui kitu, humwombi mtu. Unalivuta tu."

Matrida akamtazama. "Ulilipima saa ngapi?"

"Ulipokuwa kanisani, mama. Nisamehe."

Prosper akalisukuma sanduku. Likaingia kama lilizaliwa pale, likabakiza nafasi ya vidole tu kila upande. Mugeta, aliyekuwa amerudi kutoka kazini, alisimama mlangoni hajui aingie au abaki.

"Mama," akauliza kwa sauti ndogo, "mwenye gari ameuliza kama akupitie asubuhi."

Matrida alivua ufunguo shingoni, akapiga goti, akalivuta sanduku, akafungua. Akatoa gauni la kanisani, akalikung'uta, akalivika kwenye mojawapo ya henga alizoleta Dorah. Kisha akanyoosha mkono. Mkono ulifika kwenye bomba na visigino vyake vikiwa bado chini. Akaubakiza pale juu, anautazama, kama si wake.

"Prosper," akaita. "Umeuona?"

"Nimeuona, bibi."

"Umenyooka."

Akainama kuchukua gauni la pili. "Mwenye gari mwambieni apite zake," akasema, bila kugeuka. "Na mama Yunis, henga hizi hazitoshi."