Mto Tuliousafisha ili Watu Waogelee

Mama alitangulia, baba akafuata kabla majani hayajaota vizuri juu ya kaburi la mama. Nilikuwa darasa la tano. Nilirudisha vitabu vya shule kwa mwalimu, nikamshukuru, nikarudi nyumbani kupika, kwa kuwa wadogo zangu watatu walikuwa wananisubiri na wa mwisho alikuwa bado hajui kufunga vifungo vya gauni.

Kwetu Endasak, kwenye miteremko ya mlima Hanang, maji hayakuwa shida. Kulikuwa na chemchemi iliyotoka chini ya mawe, baridi mpaka meno yanauma. Lakini nyumba iliyofiwa ilikuwa na mwiko wake. Haikuchota maji pamoja na wengine mpaka muda wake uishe. Kanisani walishatuambia tuyaache mambo hayo, na wengi walikuwa wameyaacha. Wazee waliokaa karibu na chemchemi hawakuwa wameyaacha. Hawakututukana wala kutufukuza. Walisimama pembeni na ndoo zao wakisubiri tuondoke, na walifanya hivyo kwa upole kiasi kwamba mimi ndiye niliyeona aibu. Na kwa kuwa tulifiwa mara mbili, muda ulipokaribia kuisha ukaanza tena.

Shangazi yangu, aliyekuwa akipika uji wa vibarua kwenye shamba la ngano la serikali, akatutafutia chumba katika mji mdogo wa chini, karibu na daraja. Akanitafutia na kazi ya kushona magunia na kupepeta ngano ghalani. Mjini hakuna aliyeuliza nani amefiwa lini. Maji tulichota mtoni, na mto haukuwa na mwenyewe.

Mto ule ulishuka kutoka mlimani ukiwa safi. Halafu uliingia mjini. Machinjioni walimwagia humo kinyesi cha tumboni mwa ng'ombe, sokoni wakatupa kabichi zilizooza na viatu vilivyokatika, mafundi wa magari wakamwaga oili chafu, na kila aliyekuwa na kopo bovu alijua pa kulipeleka. Ulipofika kwetu chini ya daraja ulikuwa umepita kwa kila mtu. Palikuwa na kidimbwi kipana hapo, cheusi, chenye ngozi ya mafuta juu yake. Asubuhi jua likiipiga ile ngozi ilitoa rangi zote, na mdogo wangu wa mwisho aliiona nzuri.

Yeye ndiye aliyeumwa. Tumbo lilijaa, likapungua, likajaa tena. Nilimbeba mgongoni kwenda zahanati mpaka mganga akawa anatusalimia kwa mbali. Kila mara aliniambia jambo moja, kwamba nichemshe maji. Nilichemsha kila nilipopata kuni, na upande ule wa tambarare, ambako ngano ilienea mpaka macho yanachoka, mti wa kukata kuni ulikuwa kitu cha kutafuta. Nilimwendea mwenyekiti wa kitongoji, nikamwomba awaambie watu waache kutupa taka mtoni kwa sababu kuna nyumba zinakunywa. Alinisikiliza vizuri. Akasema litaangaliwa. Halikuangaliwa.

Ndipo akaja yule fundi.

Alikuwa msimamizi mpya wa karakana ya shamba, mtu wa kanda ya ziwa, mrefu, mweusi, mwenye mabega kama ya ng'ombe wa kulimia. Jumapili aliposhuka mjini alikaa darajani peke yake akiangalia kidimbwi. Watu walidhani ana matatizo. Kumbe alikuwa anapima kwa macho. Siku ya mkutano wa hadhara alisimama akaomba mto usafishwe kuanzia sokoni hadi chini ya daraja, ili siku ya Uhuru yafanyike mashindano ya kuogelea, vijana wa karakana na madereva wa kombaini, zile mashine za kuvunia ngano, na yeyote wa mjini atakayetaka.

Watu walicheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. Sisi wa milimani hatukuogelea. Maji tuliyajua ya kunywa, ya kupikia, ya kunyweshea mifugo. Aliyeingia mtoni akafika kifuani, kwetu, huyo alikuwa ameteleza. Mzee mmoja mwenye ng'ombe wengi, aliyetoka Gehandu na aliyekuwa jirani yangu ng'ambo ya daraja, aliinuka na fimbo yake.

"Nimeona watu wakifukua mto wapate maji ya shamba," alisema. "Nimeona wakifukua wapate mchanga wa kujengea. Watu wazima kufukua mto wapate pa kuchezea, hilo ndilo nimelisubiri hadi uzee huu."

Mama mwenye duka la vitambaa, ambaye ua wake uligusa mto kwa nyuma, akauliza taka zake atazipeleka wapi, au fundi atazichukua aende nazo kwao. Wakacheka tena.

Mimi sikucheka. Nilikuwa na hasira. Mdogo wangu anaumwa, nimeomba, nimeambiwa litaangaliwa. Huyu anataka kurusha miguu majini, na mkutano mzima umekaa kumsikiliza. Lakini nilikuwa na swali, nikaliuliza nikiwa nimesimama nyuma kabisa, karibu na wanawake wanaouza ndizi.

"Shikamoo, fundi. Mkimaliza kuogelea, hayo maji safi yatakuwa ya nani?"

Aligeuka akanitafuta.

"Marahaba. Yatabaki pale pale, dada. Sitaondoka nayo."

Sijui hata leo ni nini hasa kilichowageuza watu. Labda ni kwamba mashindano yana mshindi, na madereva wa kombaini hawakutaka karakana ishinde bila wao kuonekana. Labda ni kwamba fundi aliahidi trekta na tela la kubebea taka na akalileta kweli. Mwishoni mwa kiangazi, mto ulipokuwa mwembamba, watu wakatoka. Lilichimbwa shimo kubwa la taka nyuma ya soko, na mwenyekiti akatangaza kwamba mpaka siku ya mashindano ipite, atakayetupa kitu mtoni atakitoa kwa mikono yake. Tulitoa makopo, matairi, magunia yaliyooza, fremu ya kitanda, pembe za ng'ombe zisizo na idadi. Wanawake walileta uji na vijana wa kwaya wakaimba, kama inavyofanywa kwetu mtu akiita wenzake wamsaidie kuvuna.

Na tulikosea, kosa ambalo nadhani watu wa mwambao au wa ziwa wasingelifanya. Sisi ni wakulima. Tulipomaliza taka tuliyaona matete na nyasi kando ya maji, tukayaona ni magugu. Tukagawana kingo vipande vipande, kila familia mstari wake, tukapalilia mto. Tuling'oa mpaka mzizi. Tulisawazisha kingo kwa majembe, tukazipiga na migongo ya koleo zikawa laini kama ukuta wa nyumba mpya. Fundi hakuwepo siku hizo, alikuwa amepelekwa Arusha kufuata vipuri. Mzee wa ng'ombe alikagua akasema sasa unaonekana ni mto wa watu wenye akili.

Mvua ya kwanza ilinyesha mchana. Tulisimama darajani tukaangalia kingo zetu zikiingia majini moja baada ya nyingine, polepole, kama watu wanaokwenda kulala. Kufikia jioni kidimbwi kilikuwa tope jekundu. Fundi aliporudi alikaa kwenye ukingo wa daraja akitazama lile tope. Ikaanza kunong'onwa kwamba mashindano yafutwe. Na mimi nilijua maana yake. Mashindano yakifutwa, tangazo la mwenyekiti limekwisha. Tayari ile jioni niliona mtu akiegemea ua na ndoo ya maganda, anatazama mto, anatazama huku na huku.

Nyumbani mdogo wangu alikuwa hajalalamika tumbo tangu shimo la taka lichimbwe. Nilikuwa naogopa hata kulisema kwa sauti.

Asubuhi niliwaamsha wote watatu. Kule Endasak baba alilaza mabua ya mahindi kwa mistari kukata mteremko ili udongo usishuke, na kila aliyezaliwa kwenye mteremko anafanya hivyo bila kufikiri. Hatukuwa tumefikiri kwamba ukingo wa mto nao ni shamba. Mabua ya ngano yalikuwa yamerundikana mashambani tangu mavuno, hakuna aliyeyataka. Tuliyafunga mizigo, tukabeba kichwani, tukaanza kuyalaza ukingoni na kuyashindilia kwa vigingi. Mikono yangu ilikuwa imezoea magunia. Wa mwisho alibeba konzi mbili mbili, akadondosha nusu njiani.

Mzee wa ng'ombe alitoka nje akatutazama kwa muda mrefu. Nikamwamkia. Akaitikia, akauliza tunafanya nini. Nikasema tunazuia udongo.

"Kwa ajili ya wale wanaotaka kuoga mbele za watu?"

"Kwa ajili ya huyu, mzee," nikasema, nikamwonyesha mdogo wangu mwenye mabua kwenye nywele.

Halafu akarudi ndani, na nikadhani yameishia hapo. Baada ya muda nikasikia mnyororo. Alikuwa anakuja na ng'ombe wake wawili wakivuta tela, anawagombeza wao maneno aliyotaka kutuambia sisi. Tela moja la mabua lilitosha kwa watu wengine kuona aibu ya kukaa. Mama wa duka alikuja na vijana wake, amejifunga khanga kiunoni, akasema kama ni kubeba majani basi na abebe, lakini asije mtu akamwambia aogelee. Vijana wa karakana walifunga mafungu mazito ya mabua wakayakingisha mtoni kabla ya kidimbwi, maji yakawa yanapita katikati yake kama kwenye chujio. Mvua ikanyesha tena. Safari hii kingo zilikaa.

Siku ya Uhuru, asubuhi, nilishuka na ndoo kabla ya watu. Nataka niseme nilichokiona, ingawa ni kitu kidogo. Niliona mawe. Chini kabisa ya kidimbwi, mawe ya kijivu na meusi, na jani moja likipita juu yake na kivuli cha jani kikipita chini. Nilikuwa nimechota pale miaka na sikuwa nimewahi kujua kwamba mto wetu una chini. Na juu ya mawe hayo, ukiinua macho kidogo tu, ulikuwepo mlima mzima umegeuka juu chini, pamoja na wingu lake. Nilisimama na ndoo tupu. Nilishindwa kuiingiza majini.

Mchana watu walijaa kingo zote mbili. Fundi alivua shati, wanawake wakatazama kando, kisha wakatazama tena. Aliingia, akazama, hakutokea. Ukimya uliokuwepo sijausikia hata kanisani. Alipoibuka upande wa pili hakuna aliyepiga makofi. Watu walikuwa bado wanahakikisha ni yeye. Kisha akalala chali juu ya maji, mikono wazi, hatikisiki.

"Amekufa?" mama wa duka akauliza kwa sauti ndogo.

"Anapumua," akajibu mzee wa ng'ombe. "Ni ng'ombe wangu tu niliyemwona akikaa juu ya maji, na yeye alikuwa analia."

Mashindano yenyewe yalikuwa mafupi na karakana ilishinda, kwa kuwa dereva mmoja wa kombaini alisimama katikati akatembea, kisha akakataa kwamba alitembea. Sikuyafuata sana. Nilikuwa nawatazama watu. Walikuwa wamechuchumaa kando ya maji, wakigusa, wakinawa uso, wakiwaonyesha watoto mawe. Wazee kwa vijana, waliofiwa na wasiofiwa, na hakuna aliyesogea pembeni.

Nimesikia watu wakibishana, hata miaka hii, kama inafaa kutumia nguvu na mali kusafisha mto ili watu wacheze, wakati wapo wenye kiu. Nawaelewa. Nami niliuliza hivyo, nikiwa na hasira. Najua pia kwamba maji yakionekana safi si lazima yawe salama, niliendelea kuchemsha. Fundi alihamishwa, mashindano yakafanyika tena mara chache yakafa, na baadaye shamba lenyewe la serikali likaisha. Lakini watu ambao hawakuusafisha mto kwa ajili ya tumbo la mtoto mmoja waliusafisha kwa ajili ya kuona nani ana kasi, na tumbo la mtoto likapona humo humo. Shimo la taka liliendelea kutumika. Matete yaliota tena kwenye mabua yetu, na mtu alipotaka kuyang'oa mzee wa ng'ombe alimfuata na fimbo.

Jioni ile, watu walipoanza kutawanyika, mdogo wangu aliniomba aingie. Nilimwambia hapana. Fundi, akiwa bado majini, akasema atamshika. Nilimtazama mtoto, tumbo lake lilikuwa bapa, mbavu zinaonekana vizuri. Nikamfungua vifungo, ingawa alishajua kuvifungua mwenyewe.

Fundi alimweka mkono mmoja chini ya mgongo na mwingine chini ya kichwa, akampeleka polepole hadi penye mawe meusi. Kisha akaondoa mikono, na mtoto akabaki akielea. Nilikuwa nimesimama ukingoni nimeshika gauni lake, maji yananifika kwenye vifundo, nasubiri aniite. Masikio yake yalikuwa ndani ya maji na macho yake yalikuwa juu, upande wa mlima. Hakuniita.