Mnyama wa Kompyuta na Mama Mkwe Wangu

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Watu wengi nimeshawaambia hivyo, na bado nasema. Niliingia Kigali nikitokea Buyenzi, kule Bujumbura nilikokulia, na nguo zangu zote zilienea kwenye mfuko mmoja wa plastiki, enzi hizo mifuko ya plastiki bado haijapigwa marufuku. Shule niliiacha darasa la nne. Leo nina maduka mawili ya televisheni Kicukiro, nyumba ya ghorofa isiyo na mkopo wa benki hata tofali moja, na gari ninaloendesha mwenyewe kwa sababu sipendi mkono wa mtu mwingine kwenye usukani wangu.

Mtaji wangu ulikuwa mdomo. Mtaa wa Gitega, hapa hapa Kigali, kulikuwa na kibanda cha video chenye mabenchi kumi na mawili, na mimi ndiye niliyekuwa nasobanura. Asiyeujua mji wetu nimweleze: filamu inatoka nje, inasema Kiingereza, watazamaji hawakijui. Basi mtu mmoja anakaa pembeni na kipaza sauti, picha zinakwenda, naye anawaambia kwa lugha yao nani kasema nini. Filamu hizo tunaziita agasobanuye. Waliofanya kazi hiyo walikuwa wengi, lakini watu waliviacha vibanda vya mlangoni kwao wakaja kukaa chini kwangu, mabenchi yakiwa yamejaa.

Kiingereza nilikuwa sikijui. Naliandika hili waziwazi kwa sababu limeshajulikana. Nilikuwa na maneno kama ishirini, mengi ya matusi na vitisho. Lakini filamu zangu zilikuwa za vita na karate, na huko uso wa mtu unakupa habari yote. Anafunga kamba za buti taratibu, huyo anakwenda kulipiza kisasi. Mwanamke anatazama dirishani, mume wake hatarudi. Nilisoma nyuso, nikaongeza chumvi yangu. Jambazi nilimfanya mtu wa Gitega anayekwepa kulipa mandazi ya watu, na mabenchi yote yakacheka. Wenzangu walisema kilichosemwa. Mimi nilisema kilichotakiwa kusemwa, na ndiyo maana mimi nina maduka.

Mlango wa pili kutoka kibandani, mama mmoja aliuza maharage. Alinisikia kupitia ukuta kila mchana. Nilipomtaka binti yake, tayari kulikuwa na mwalimu wa shule ya msingi aliyetangulia kuleta maneno. Yule mama akanichagua mimi. Aliwaambia ndugu zake kwamba mwalimu anakisoma Kiingereza kwenye kitabu, lakini huyu kijana anakisikia na kukigeuza papo hapo. Kwa sifa hiyo nikapata mke.

Sikumrekebisha. Unamrekebishaje mtu ambaye ameshakupa binti yake? Miaka ishirini na zaidi akawa ananiletea kila karatasi ya Kiingereza, hasa za hospitali na za dawa. Nilivaa miwani, nikaitazama, nikasema niachie, nitaisoma vizuri kesho bila kelele. Kesho yake nilimpa karani wangu dukani. Mama mkwe alikuwa akiwaambia majirani zake kwamba Mungu amempa mkwe msomi. Kila aliposema hivyo nilijisikia kama nimevaa koti la mtu na mwenyewe yuko hapo hapo chumbani.

Sasa binti yetu wa mwisho, ana miaka kumi, akapata komunyo ya kwanza. Nilifanya sherehe ambayo watu wa mtaa wetu bado wanaizungumzia. Ukoo wa mke wangu ulikuja wote. Walikuja pia marafiki sita wa binti yangu kutoka shuleni kwake, wawili wao wa Nyarutarama, watoto wanaoota kwa Kiingereza. Ukutani nilikuwa nimetundika televisheni kubwa kuliko zote dukani kwangu, inchi themanini na tano, ili mtu asiulize biashara inakwendaje.

Baada ya kula watoto wakaweka filamu. Si ya katuni tupu na si ya watu tupu. Watu ni wa kweli, nyumba ni ya kweli, lakini ndani yake anatembea mnyama aliyetengenezwa na kompyuta, mkubwa kama ng'ombe, manyoya ya buluu, shingo ya bata, anaishi kwenye tangi la maji la nyumba mbovu. Na anaongea. Kuna msichana, baba yake, mwanamke mmoja mkali, na bibi kizee mgonjwa kitandani.

Mama mkwe alikuwa kwenye kiti kikubwa kushoto kwangu. Akagonga sakafu kwa fimbo yake.

"Mkwe, tuelezee kama zamani. Hawa watoto wanacheka peke yao."

Ukoo mzima ukapiga makofi. Kwetu humkatalii mama mkwe jambo dogo kama hilo mbele ya watu wake, labda uwe umelazwa. Kulia kwangu alikaa shemeji, kaka mkubwa wa mke wangu, mtu wa mwili. Mbele yangu watoto walijaa kwenye zulia. Nyuma yangu viti vilipangwa safu tatu mpaka mlangoni, na kila kiti kina mkwe ndani yake. Nilivipanga mwenyewe.

Nikaanza. Nikasema baba wa huyu msichana ameoa mke mwingine, na huyo mama wa kambo amekwenda kwa mganga, akaletewa hili jinamizi ili limmalize mtoto. Shangazi za mke wangu wakashika vifua. Nikadhani nimepona.

Lakini filamu za watoto zina taabu ambayo sikuwahi kukutana nayo kibandani. Hakuna anayefunga buti. Wanaongea tu, wanaongea, wanaongea. Na yule mnyama hana uso wa kusomeka. Akifurahi anatoa meno, akihuzunika anatoa meno, kwa sababu meno hayo yametengenezwa na watu waliokaa ofisini. Kibaya zaidi, zamani mimi ndiye niliyetoa kicheko, watu wakanifuata. Hapa watoto walicheka kwanza, mimi nikaja nyuma nikikimbilia kitu nisichokiona. Walicheka mahali niliposema mtu anatishiwa kuuawa.

Binti yangu aligeuka akanitazama mara moja, akarudisha macho kwenye televisheni. Mmoja wa wageni wake, kitoto cha meno mawili yaliyong'oka, hakuwa na adabu hiyo.

"Anko, siyo mama wa kambo. Ni shangazi yake. Na huyo mnyama ni rafiki yao."

Nikacheka kicheko cha tajiri, nikamwambia hii ni tafsiri ya wakubwa. Mama mkwe akanitetea, akamwambia mtoto aniache nifanye kazi yangu. Afadhali angenitukana.

Nikatoa simu, nikajifanya inaita. Shemeji akaweka kiganja chake kizito juu ya goti langu, akasema atakayepiga atapiga tena, mama anasikiliza. Nikaomba umeme ukatike. Umeme wetu tunaununua kwanza ndipo tunautumia, na siku nyingine unaisha katikati ya ugali. Lakini mimi, kwa kutaka sifa mbele ya wakwe, nilikuwa nimejaza yuniti za miezi miwili. Taa zote zilikuwa zinawaka mchana.

Ndipo mnyama akaingia chumbani kwa yule bibi mgonjwa. Muziki ukashuka. Akainamisha shingo yake ndefu mpaka usoni kwa bibi, wakaongea polepole, muda mrefu. Nikasema sasa anataka kummeza, anamwambia bibi asali sala zake za mwisho. Nikafanya na sauti nzito, ile iliyonijengea nyumba.

Mama mkwe hakuwa akiitazama tena televisheni. Alikuwa akiwatazama watoto. Wawili walikuwa wanafuta machozi kwa mikono ya nguo zao za sherehe.

"Mbona wanalia na hawaogopi?" aliniuliza.

Nikachukua soda yangu, nikainywa yote. Miaka yote ile kwenye kipaza sauti sikuwahi kukosa neno.

Akamwita mjukuu wake. "Wewe niambie. Anasema nini huyo?"

Binti yangu akanigeukia. Alikuwa anaomba ruhusa, na ningeweza kumkataza kwa jicho tu, angenyamaza, angemwambia bibi yake hasikii vizuri. Mtoto wa miaka kumi angebeba lile koti langu la uongo. Nikaitikia kwa kichwa kwamba sema.

"Anamuuliza kama anasikia baridi," alisema. "Bibi anasema ni miguuni tu. Mnyama anasema atalala juu ya miguu yake mpaka asubuhi."

Kweli, pale kwenye televisheni mnyama alipanda kitandani, akajikunja juu ya miguu ya yule bibi. Filamu ilibakiza nusu saa, na nusu saa hiyo nilikaa pale pale kati ya kiganja cha shemeji na fimbo ya mama yake, binti yangu akieleza neno kwa neno, bila chumvi, na wakwe zangu wakimwinamia yeye. Ilikuwa filamu nzuri. Hilo nalo liliniuma.

Ilipoisha, mama mkwe akaomba izimwe.

"Mkwe, Kiingereza unakijua?"

"Sikijui, mama."

"Hata kile cha karatasi zangu za hospitali?"

"Nilikuwa nampa karani."

"Karani anakijua?"

"Anakijua vizuri."

"Basi huyo karani ndiye aliyeniweka hai," alisema. Watu wakacheka, yeye hakucheka. "Nilimnyima mwalimu wa watu mke kwa ajili yako."

Nikaanza kuomba radhi, nikiwa nimesimama, mikono mbele. Shemeji akanikatiza kwa upole, akanikumbusha kwamba kosa la namna hii kwa wakwe halifutwi kwa maneno. Linatozwa, na mama ndiye anayepanga. Mama mkwe hakufikiri sana. Alitaka mtamba, asiye na kasoro, apelekwe shambani kwa shemeji Bugesera.

Nikasema, mama, ng'ombe wa mahari nilileta wote, hakuna aliyepungua.

"Wale walikuwa wa binti yangu," alisema. "Huyu ni wa Kiingereza."

Mimi ni mfanyabiashara, siwezi kusikia bei nikanyamaza. Nikamuuliza kwa heshima zote kama mbuzi wawili wakubwa hawawezi kutosha.

"Ungekuwa umenidanganya Kifaransa ningekubali mbuzi."

Hapo alicheka na yeye, mpaka fimbo ikamponyoka. Binti yangu akaiokota. Tangu siku ile karatasi zote za Kiingereza zinakwenda kwa mtoto, na mimi mama mkwe ananiletea redio mbovu tu.

Mtamba nilimchagua mwenyewe mnadani, mweusi mwenye doa jeupe kwenye paji la uso, hakuna aliyempita siku hiyo. Nikampeleka mbele ya ukoo ule ule, na bia juu yake, nikapiga magoti nikiwa na suti. Ukijumlisha ng'ombe, gari la kumsafirisha, kreti nne za bia, na kamba mpya ambayo shemeji aliidai dakika ya mwisho, filamu ile ya watoto ilinigharimu faranga laki nane, elfu ishirini na sita na mia tano.