Tabaraka Niliyoisoma Kinuni

Asubuhi, katika shule ya kijiji chetu cha ujamaa kule Gwata, nilikaa dawati moja na wavulana nikawashinda hesabu mpaka wakaniona jini. Alasiri, chuoni kwa maalim tulikosomea Kurani, mambo yalikuwa mengine. Wavulana walikaa mkekani na juzuu zao. Sisi wasichana tulifundishwa alifu, be, te kwa wiki mbili tu, kisha mke wa maalim akatukabidhi michi. Nilitwanga mpunga wa kushibisha Tanganyika na Unguja, na makapi nikayarundika mlima!

Mikono ikitwanga, masikio yalisoma. Walichosoma wavulana kilinifikia uani, nikakishika. Siku moja nikamsomea baba sura ya Tabaraka nzima bila kukwama. Baba, ambaye mwenyewe hakujua kusoma, akadhani nimeisoma kitabuni. Nami sikumsahihisha.

"Nitamwomba maalim akupime," alisema. "Ukivuka, utakaa mkekani kama wenzio. Usipovuka, mwanangu, chuo basi. Mama yako ana palizi."

Ijumaa, baada ya sala, tukaenda. Maalim akafunua msahafu, akaweka kijiti kwenye mstari. "Haya bibie, soma hapa."

Nikasoma. Wallahi, ndege walinyamaza! Nikapandisha, nikateremsha, baba akifuta macho. Lakini wavulana wakaanza kushika mbavu. Maalim aliniacha nimalize, kisha akasema bila ukali, "Tabaraka umeisoma vizuri sana. Ila kijiti kiko kwenye sura ya Yasini."

Kicheko kile kilifika hadi kijiji cha Dutumi.

"Kasomee kinu, we!" mmoja akanirushia.

"Maalim," baba alisema, "yote hii kaipata akiwa nje. Je, akikaa ndani?"

"Ndani nafasi hakuna, bwana. Na wasichana zinawatosha sura za kuswalia."

Baba akanishika mkono, tukaondoka. Njiani hakunigombeza, afadhali angenichapa. Jumatatu, baada ya shule, nilikuwa shambani.

Shule nayo sikuimaliza; niliolewa Marui, Kisarawe. Huko, kwenye kisomo cha watu wazima cha jioni, nilivuka madaraja yote kwa kishindo, nikawa nasoma hata karatasi zilizofungiwa chumvi. Lakini hizo ni herufi za kizungu, si za msahafu. Ramadhani wanawake hukusanyika kwangu alasiri kuhitimisha Kurani, kila mmoja na juzuu yake. Nami hushika yangu. Humtazama jirani yangu kwa pembe ya jicho. Akifunua ukurasa, nafunua.